Mkalimani wa Mama Poda

Shule ile ya mjini ilijaa watoto waliokimbia vita vya kila namna, na wazazi wengi hawakujua lugha ya shule hata ya kuombea maji. Wanafunzi ndio waliokuwa wakalimani.

Hapo ndipo Mlingoti alipoumizwa. Siku aliyopelekwa na shangazi yake kuandikishwa, mwalimu mkuu aliuliza amefika wapi kimasomo. "Kidato cha tatu," akajibu kwa lugha ya kwao. Mkalimani, msichana aliyejipaka poda mpaka shingoni, akamgeukia mwalimu kwa huruma: "Masikini, anasema hajawahi kukanyaga sekondari."

Poda, ndivyo msichana huyo alivyoitwa, hakutaka mtu wa kwao karibu. Alishawatangazia wenzake kuwa yeye ni mzaliwa wa mji, lugha ya wakimbizi haijui ng'o, labda ya kutafsiri kidogo kidogo.

Basi binti mzima akapangwa na vitoto vya kidato cha kwanza, magoti yakigonga dawati, wakambatiza Mlingoti. Lugha ilipomkaa mdomoni akauliza kwa nini. "Si ulisema mwenyewe?" mwalimu akashangaa. Mwaka ulishakwenda na maji. Mlingoti hakulia wala hakugomba. Alitulia kama paka kwenye tundu la panya.

Siku ya wazazi ikafika. Mama yake Poda aliingia na sare yake ya usafi wa hospitali, ananukia dawa ya kudekia, uso umemchanua. Poda akawahi kiti cha mkalimani.

"Wewe, toka hapo," mwalimu akasema. "Mtoto hamtafsirii mzazi wake." Sheria hiyo ilikuja baada ya kijana mmoja kumwambia babake kwamba kufukuzwa wiki mbili ni likizo ya wenye akili. "Nani anajua lugha ya huyu mama?"

Mlingoti alishasimama.

"Shoga yangu," Poda akanong'ona kwa lugha ya kwao, jasho likichora mifereji kwenye poda, "nisitiri. Mwambie naendelea vizuri."

"Kumbe unaongea! Usijali, shoga. Sitatia chumvi."

Na kweli hakutia. Utoro, akautafsiri. Hesabu alizoanguka, akazitafsiri. Kisha mwalimu akasema kwa aibu, "Mama, uniwie radhi. Nikikuona getini na chakula nilidhani wewe ni mtumishi wao wa ndani. Ndivyo binti yako alivyotuambia."

Hapo mkalimani yeyote mwenye utu angelainisha. Mama wa watu hakuwa na kosa. Mlingoti aliliona hilo waziwazi. Akalitoa neno zima, taratibu, kama anayetafuna muwa.

Yule mama hakumtazama bintiye. Alikunjua mikono ya sare aliyokuwa ameikunja, akaifunga vifungo kimoja kimoja.

"Mwanangu," akamwambia Mlingoti, "wakiniita tena, utanitafsiria wewe?"

"Kila wakikuita, mama." Akamtupia Poda jicho. "Hata wasipokuita, nitapita nyumbani nikupe habari."