Punda wa Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kulisha, mhudumu wa mabanda alisugua ukuta mweupe kwa maji ya sabuni. Ukuta huo ulikuwa mwisho wa ua, mkabala na lango, na haukuzuia kitu chochote. Ulijengwa kwa ajili ya picha. Mnyama mgonjwa akisimama mbele yake, kidonda chake kilionekana hata na mtu aliye mbali, na watu wa mbali ndio waliokuwa wakikilisha kituo.

Kituo kilikuwa cha shirika la kusaidia wanyama. Waliletwa punda wa mikokoteni, mbwa wa mitaani, paka waliogongwa, na mara mojamoja ndege aliyenaswa kwenye nyaya. Matibabu yalikuwa bure na daktari alikuwa hodari. Utaratibu ulikuwa mmoja tu: mnyama haguswi kwa dawa mpaka apigwe picha akiwa katika hali aliyoletwa nayo. Baadaye, akipona, anapigwa nyingine. Picha mbili zinawekwa bega kwa bega na wafadhili wanaona kazi ya mchango wao. Kidonda kikishasafishwa, alisema mkurugenzi, hakisemi tena. Ufunguo wa kabati la dawa aliuweka yeye mwenyewe, tangu siku daktari alipomtibu paka kabla ya wakati.

Mpiga picha alikuja Alhamisi. Mwisho wa juma alikuwa na harusi, na mwanzo wa juma alikuwa akizisafisha picha za harusi hizo. Kwa hiyo mnyama aliyeletwa Jumatano alikuwa na bahati. Aliyeletwa Ijumaa alisubiri.

Mstaafu aliletwa Ijumaa. Alikuwa punda jike wa shemeji yake mhudumu, mume wa dada yake, aliyebeba mchanga na saruji kwa mkokoteni. Jina shemeji alimpa kwa utani, kwa sababu punda huyo alitembea kama mtu anayefuatilia pensheni. Alikuwa na kidonda begani, pale kamba ya mkokoteni ilipokwaruza, na kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Alisubiri vizuri, bila kelele. Jumatano alasiri akafa. Wakamzika nyuma ya ghala la majani, na mhudumu akampelekea shemeji yake kamba.

Kesho yake, mpiga picha alipokuwa akifungua mkoba wake, Mstaafu aliingia langoni. Mlinzi alimfungulia kwa kuwa alikuwa akimfahamu. Alivuka ua kwa mwendo wake uleule, akafika ukutani, akageuza upande wenye kidonda kwenye mwanga, akatulia. Miguu yake ilikuwa na udongo. Daktari alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda, akasema hakuna kinachopiga. Mpiga picha akauliza kama apige au aache. Mkurugenzi alimtazama punda, akatazama saa.

"Piga," alisema. "Ameshakuja."

Picha ilifanya vizuri. Ilitoka kwenye kalenda, kisha kwenye bango kubwa barabarani, na shirika likapata tangi jipya la maji. Mstaafu akawa anakuja kila Alhamisi. Hakula, hakunywa. Alisimama mpaka mpiga picha amalize kazi na wanyama wengine, kisha akaondoka kwa lango lilelile. Mhudumu alimwekea ndoo ya maji hata hivyo. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Shemeji yake alibaki na binti wa Mstaafu, punda mdogo mwenye masikio makubwa ambaye naye aliitwa Binti, bila kuumiza kichwa. Akamfunga mkokoteni uleule kwa matandiko yaleyale. Kidonda kikatoka begani, mahali palepale. Mhudumu alikiona siku alipokwenda kumsalimia dada yake, akasema aletwe kituoni. Shemeji alikataa. Dada akaendelea kuchambua mchele. Mhudumu akasema safari hii atasimama yeye mwenyewe, ampiganie mpaka mwisho.

Wakamleta Ijumaa, kwa sababu Alhamisi shemeji alikuwa na mchanga wa mtu wa kupeleka.

"Niliwapa mmoja, mkanirudishia kamba," alisema shemeji langoni. "Huyu ndiye anayeweka sufuria motoni kwa dada yako. Nakukabidhi wewe, shemeji. Sijalikabidhi shirika."

"Nimesikia."

"Usisikie tu."

Daktari alimkagua Binti, akasema kidonda hicho bado ni kidogo, sindano na kusafishwa vinatosha, baada ya wiki mbili anarudi kazini. Akaongeza kwamba hayo ni maneno ya leo. Jumapili kitakuwa kidonda kingine. Kisha akaonyesha juu kwa kidole, kwenye ofisi ya mkurugenzi, akaenda kunawa mikono.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Paka wa miguu mitatu alilala juu ya meza yake, na kwa sababu yake hakuna aliyeruhusiwa kuwasha feni. Mhudumu alimweleza alichokuwa amekifikiria njiani. Mstaafu atakuja Alhamisi kama kawaida. Kidonda ni kilekile, bega ni lilelile, hata rangi wanafanana. Basi mama apigwe picha ya ugonjwa, binti atibiwe leo, halafu apigwe picha ya kupona. Hakuna atakayepungukiwa.

Mkurugenzi alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Alimkuna paka shingoni. Mwishowe akasema wafadhili wanamjua Mstaafu. Wamemwona mara nyingi na wengine wameanza kuuliza mbona haponi. "Wamemchoka," alisema. "Wanataka mpya."

Mhudumu akaomba basi Binti apigwe kwa simu, hata sasa hivi. Mkurugenzi akajibu kwamba picha ya simu ikiwekwa kwenye bango inakuwa kama uji. Ila alimpigia mpiga picha, ili isisemwe hakujaribu. Muziki ulisikika nyuma. Mpiga picha alisema Alhamisi ni Alhamisi, mama, bibi harusi ndio anaingia, akakata.

Jioni hiyo mhudumu alichemsha maji, akatia chumvi, akakiosha kidonda mwenyewe. Chumvi ilifika ilipoweza kufika. Usaha ulikuwa chini zaidi.

Jumamosi Mstaafu alikuja. Mlinzi alimwambia leo si siku yake. Alipita. Hakwenda ukutani, alikwenda kwenye banda la Binti, akapitisha shingo juu ya mbao, akakaa hivyo. Nzi waliokuwa begani kwa Binti walihama, wakatua kwake. Alikuja tena Jumapili, na Jumatatu. Mlinzi alilalamika kwamba anafungua lango kwa punda mmoja mara nyingi kuliko kwa wafanyakazi wote, tena punda ambaye hata salamu hajibu. Mkurugenzi alimwona kutoka dirishani na akasema aachwe, mradi asimpake mgonjwa udongo.

Jumatatu hiyohiyo mkurugenzi alishuka na kukiona kidonda kimeoshwa. Hakufoka. Alimwuliza mhudumu kama anataka mabanda yafungwe, na mbwa wote hawa waende kwa nani. Mhudumu alisema hataki yafungwe. Ndivyo mazungumzo yalivyokwisha.

Jumanne Binti alilala chini na hakuinuka. Daktari aliketi karibu naye juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema atalisema jambo hili kwenye kikao. Mhudumu akamwuliza kikao ni lini. Daktari akasema Alhamisi, baada ya picha.

Jumatano kabla ya chakula cha mchana Binti alikufa. Mstaafu alikuwa amesimama palepale. Aliiondoa shingo yake juu ya mbao, akatoka. Mhudumu alimaliza kuwalisha wengine, kwa kuwa wengine walikuwa bado wanakula. Kisha akachukua koleo, akaenda nyuma ya ghala la majani.

Alhamisi asubuhi alisugua ukuta. Mpiga picha alipofika, mlinzi alifungua milango yote miwili ya lango, maana wanaoingia walikuwa wawili na walitembea sambamba.

"Mama na mwana," alisema mpiga picha, akipiga goti. "Waambie wasogeleane."

Mhudumu akawaambia. Wakasogeleana.

"Mdogo ageuze kichwa kidogo."

Akageuza.

Mkurugenzi alishuka, akasimama nyuma ya mpiga picha. Alifuta macho, na hakuwa anaigiza. Alisema hii itawagusa watu.

Shemeji alikuja wakati huo, akiuvuta mkokoteni mwenyewe, kamba ya matandiko ikiwa imempita begani. Dada alikuwa ameshapelekewa habari. Shemeji aliwatazama punda wawili ukutani kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama basi alilokosa.

"Kama wapo, nipewe niondoke nao," alisema. "Wanavuta?"

"Hawavuti, shemeji. Wanasimama tu."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Mhudumu akamletea kamba ya Binti, ameikunja vizuri. Shemeji hakuipokea.

"Ninayo moja nyumbani," alisema. "Haina wa kumfunga."

Akaugeuza mkokoteni, akatoka. Mhudumu alibaki ameshika kamba, kisha akaitundika kwenye msumari karibu na tangi jipya.

Kwenye kikao daktari alilisema jambo lake. Alisikilizwa mpaka mwisho na akashukuriwa. Iliamuliwa kwamba ukuta mweupe urefushwe upande wa kushoto, kwa kuwa sasa wanaosimama ni wawili na masikio ya mdogo yalikatika kwenye picha.

Ijumaa mwanamke mmoja alileta mbwa aliyevimba taya, hawezi kufunga mdomo. Mhudumu alimpokea, akamwekea maji ambayo hakuweza kuyanywa. Minyororo yote ilikuwa na wenyewe. Akaitoa kamba msumarini, akamfunga kivulini upande wa kushoto, mahali ambapo ukuta ungefikia.

Mbwa akalala, akaangalia lango.