Daktari wa Usingizi wa Kendupada

Tangu awe mbunge, Daktari Sudarshan Behera hakuijua tena asubuhi yenye utulivu. Kabla hajamaliza chai, baraza la nyumba yake lilikuwa limeshajaa watu: huyu anataka kisima, yule anamtafutia mwanawe kazi ya ukarani, mwingine anaomba kuhamishiwa karibu na kwao. Katibu wake, Prafulla, aliwagawia namba na kuwaandalia barua kwenye karatasi zenye nembo, na kazi ya daktari ikawa kutia sahihi. Barua thelathini, arobaini. Azisome saa ngapi, na wenye shida wanamkodolea macho?

Miaka kumi na tisa alikuwa mpasuaji wa hospitali ya wilaya ya Kendupada, na siasa aliingia kwa hasira. Siku moja umeme ulikatika tumbo la mtu likiwa wazi, akamaliza kushona kwa mwanga wa tochi, akaapa kwenda Bhubaneswar, makao makuu ya jimbo, kuwaambia wakubwa ana kwa ana. Watu wakampa kura chungu nzima. Huu sasa ulikuwa mwaka wa tano, ameshawaambia mpaka koo limemkauka, na umeme wa Kendupada ulikuwa unakatika vilevile.

Jumatatu hiyo, namba ishirini na sita alikuwa muuguzi, Sista Salomi Ekka. Daktari alipomwona alisimama. Mama huyu ndiye aliyemkabidhi visu chumba cha upasuaji miaka yote ile.

"Dada Salomi, hata wewe unanipangia foleni?"

"Nilipewa namba, nikakaa," akasema Salomi. "Daktari, ni mume wangu. Tumbo, siku ya tatu leo. Alikataa katakata kuja hospitali, akasema ni gesi, nami mjinga nikamsikiliza. Tangu alfajiri limekuwa gumu kama ubao."

Tumbo gumu namna hiyo daktari alilijua. Utumbo umetoboka.

"Yuko wapi?"

"Wodini. Yule daktari kijana wa zamu kasema hajui kupasua. Nikamwambia, anayejua mimi namjua."

Prafulla akajikohoza. "Mheshimiwa, saa nne tuna ufunguzi wa daraja."

"Kalifungue wewe."

Hata hivyo Prafulla alipanda gari pamoja nao.

Patras Ekka, mlinzi wa shule ya wasichana, alikuwa amelala kajikunja, jasho linamtoka, midomo imepauka. Alipomwona daktari alijaribu kucheka. "Mbunge kaja mwenyewe. Basi nimekwisha."

"Nyamaza wewe, unajimaliza kwa maneno," akasema daktari, huku anambonyeza tumbo.

"Kura nilikupa, mzee. Usinipasue kwa kisirani."

Daktari akanawa mikono mpaka viwikoni. Salomi akamfunga gauni mgongoni, na jamani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano mtu huyu alijisikia yumo mahali pake. Angemfungua, angeziba tundu, angesafisha, na jioni Patras angekuwa anadai wali wa maji na samaki mkavu. Akasimama ameinua mikono.

"Haya, mwiteni Daktari Itishree amlaze usingizi."

Hakuna aliyetoka kwenda kuita. Kijana wa zamu akaangalia sakafu.

"Daktari Itishree hayupo, Mheshimiwa. Alihamishiwa Bhubaneswar mwezi uliopita."

"Nani mwehu aliyemhamisha daktari wa usingizi, na tunaye mmoja tu?"

Akajibu Salomi, taratibu. "Barua ilikuwa na sahihi yako."

Daktari akageuka kumtazama Prafulla mlangoni. Prafulla akanong'ona, "Ni mkwe wa mwenyekiti wa chama. Mumewe anafanya kazi kule. Wewe mwenyewe ulisema tumsaidie mzee."

Hakukumbuka. Alijikamua akili na hakukumbuka chochote, wala mwenyekiti kumwomba, wala barua. Hilo lilimuumiza kuliko kama angekumbuka.

"Tulidhani umeshapata wa kuziba nafasi yake," akasema Salomi. "Tukasema, mpasuaji hawezi kusahau kitu kama hicho."

Hakumsema kwa ukali. Afadhali angemtukana.

Daktari akapima presha. Ilikuwa imeshuka mno. Sindano ya mgongo ingemmaliza palepale. Na kumlaza kabisa bila mtu wa kumsimamia pumzi kulikuwa kumuua kwa mkono wake. Akavua glavu, akashika simu. Katibu wa afya alikuwa kikaoni. Waziri alikuwa njiani. Wilaya jirani walikuwa na daktari wa usingizi, naye alikuwa harusini. Mbunge mzima, simu imejaa namba za wakubwa, na hapakuwa na hata mmoja wa kumlaza Patras usingizi.

Ikabaki hospitali kubwa ya Sambalpur, saa mbili na nusu kwa barabara. Wakampakia kwenye ambulensi, daktari upande mmoja ameshika chupa ya maji ya dripu, Salomi upande wa pili ameshika mkono wa mumewe. Patras hakutania tena.

Kwenye makutano ya reli kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Daktari akateremka mbio na gauni lake la kijani.

"Inua, nina mgonjwa anakufa."

Mlinzi wa reli alimtambua, akakunja viganja kwa heshima, machozi yanamlengalenga. "Mheshimiwa, treni imeshapewa njia. Nikiinua nitaua wengi."

Alikuwa na haki. Treni ya makaa ikaja, mabehewa yakapita moja baada ya jingine, na daktari hakuwa na la kufanya ila kusimama.

Aliporudi ndani, pumzi ya Patras ilikuwa imekatika. Akapanda juu ya machela, akakandamiza kifua, akakandamiza tena na tena. Hakuna aliyemwambia aache. Mwishowe Salomi akamgusa bega, kisha akatazama saa yake ya mkononi, kama alivyozoea kazini.

"Saa tano na dakika arobaini," akasema, na akangoja daktari athibitishe.

Ilibidi athibitishe. Hapakuwa na daktari mwingine.