Jino la Mbele la Shangazi

Gamba la jino la mbele la shangazi lilibanduka tena Jumapili, mezani, mbele ya wakwe, na safari hii alilimeza pamoja na tonge. Kilichobaki mdomoni kilikuwa chuma kitupu, kinang'aa kama kijiko. Aliyelitengeneza jino hilo ni mtoto wa kaka yake, fundi wa meno ya bandia, naye alikuwa amekaa pale pale akitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi hakumlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanachungulia dirishani kujua kuna nini. Siku hizi akichekeshwa anaziba mdomo kwa kiganja na kuangalia chini, kama mgeni. Baada ya chakula alimvuta fundi kando.

"Baba, jaribu mara moja tu. Gamba likitoka tena, ling'oe jino lote nibaki na pengo. Pengo nitalizoea."

Fundi alilivua jino, akarudi nalo karakanani na moyo mzito. Kazi yenyewe aliijua nje ndani. Rezini, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino, haishiki kwenye chuma laini. Kwa hiyo chuma hupulizwa mchanga mwembamba kwa mashine mpaka kiwe na mikwaruzo, kisha hupakwa dawa ya kushikanisha, ndipo rezini huwekwa juu na kugandishwa kwa taa ya buluu. Wateja wake wote aliwafanyia hivyo hivyo, na walikuwa wanatafuna mifupa bila wasiwasi. La shangazi tu ndilo lililoleta ukaidi. Alikuwa ameshabadilisha dawa, akabadilisha mchanga, akafika hata kuyashuku mate ya shangazi, maskini, ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Mkewe, anayepokea wateja pale mlangoni, alimletea chai akamkuta amemaliza kupuliza mchanga. Chuma kilikuwa kimepoteza mng'ao, kijivu safi. Fundi alikuwa anakigeuzageuza penye mwanga na kukipapasa taratibu kwa kidole gumba.

"Unakibembeleza hicho?" mkewe aliuliza.

"Naangalia kisije kikamkwaruza ulimi."

"Mbona vya wengine unavishika kwa koleo na kuvipaka dawa hapo hapo? Sijawahi kukuona unapapasa jino la mtu mwingine."

Fundi alikitazama kidole chake, kisha chuma. Ngozi ina mafuta, hata ya mtu aliyetoka kunawa, na chuma kilichotoka kupulizwa hakitaki kuguswa. Somo hilo alikuwa akiwafundisha wengine, tena kwa ukali. Wateja alikuwa na haraka nao. Cha shangazi alikuwa anakipapasa kwa huruma, na kila alipokipapasa alikuwa anakipaka mafuta kabla ya dawa. Aibu ilimshika, kisha akacheka peke yake. Alikirudisha kwenye mashine, akakipuliza upya, akakishika kwa koleo mpaka mwisho.

Gamba likakaa. Likakaa wiki, likakaa miezi, lakini shangazi hakuliamini. Nyama aliitafunia pembeni, na kiganja kiliendelea kupanda mdomoni kila palipotokea mzaha. Fundi aliona, ikamuuma.

Mkewe ndiye aliyetoboa siri, siku walipokuwa wanakula wote. Alisimulia kisa kizima bila kumwonea mumewe haya, akaigiza kidole gumba kinavyozunguka na macho yalivyolegea.

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akaangua kicheko, kichwa nyuma, mdomo wazi, mikono yote miwili ikipigapiga meza, na hakuna hata mmoja uliokumbuka kupanda.

"Kumbe ni mapenzi yako yaliyokuwa yanabandua jino langu," alisema alipopata pumzi. "Basi baba, endelea kunipenda, ila kwa koleo."