Upande wa Nyuma wa Karatasi

Julie Munguakonkwa alimwambia yule mwanaume anatoka dakika mbili kuleta maji ya kunywa. Akavuta mulango polepole, kama mutu anayemuacha mutoto usingizini. Alipofika barazani akajishika kwenye ukuta wa mawe meusi.

"Mama Julie, kuko nini?" Papa Jean-Bosco, sentineli mwenye kulinda ile nyumba ambamo Julie alikuwa anasikiliza watu wenye majeraha ya roho, alikuwa anafunga kamba ya kiatu chake.

"Papa, usiende mbali na huu mulango."

"Nilikuwa naenda tu kutafuta mandazi, pale kwa kona."

"Hata mandazi uache."

Papa Jean-Bosco akanyanyuka. Tangu wajuane, Julie hakuwahi kumukataza mandazi. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kuyala. Muzee hakuuliza tena. Akakokota kiti chake mpaka karibu na mulango, akakaa.

Ndani kulikuwa Nsabimana, mukulima wa Kalengera, aliyekimbia vita na bibi yake wa ndoa, Mukamugema, na kupanga chumba kimoja hapa kwa mutaa wa Mabanga. Ilikuwa mara yake ya sita kuja. Mara zote tano alizungumza juu ya binti yake Chance, wa miaka tisa, ambaye wenye silaha walimukuta amefichwa kwenye migomba, wakamuua. Alizungumza akilia, na Julie alijua namna ya kukaa na mutu anayelia. Leo hakulia. Alikuja na gunia limekunjwa kwa urefu, akaliweka katikati ya miguu yake, akasema kwa sauti ya mutu anayeeleza bei ya maharagi:

"Nimemuona ule mwenye aliwaonyesha mahali mutoto iko. Hategekimana, ndugu ya bibi yangu. Anauzisha makala kule Kibati. Yenga wanabatiza mutoto wake. Na mimi nitaenda kwa batizo."

Akaligusa gunia kwa kidole cha muguu. "Nimeinoa jana."

Leo ilikuwa siku ya tano, Ijumaa. Kesho posho, kesho kutwa yenga, siku ya misa.

Lakini kilichomutisha Julie hakikuwa panga peke yake. Ilikuwa karatasi. Kila mutu anayeingia pale anasomewa karatasi moja siku ya kwanza. Upande wa mbele unasema: yote utakayosema yatabaki hapa. Upande wa nyuma una mistari mitatu: isipokuwa unataka kujiua, isipokuwa unataka kuua mwingine, isipokuwa mutoto yuko hatarini, hapo tutaambia wanaopaswa kujua, na wewe tutakuambia wa kwanza. Kwenye masomo ya jioni ya kazi hii mwalimu alirudilia mpaka wanafunzi wakacheka: mbele na nyuma, mbele na nyuma, kabla ya chozi la kwanza. Julie alilijibu hilo kwenye mtihani na kupata pointi zote.

Ila siku ile ya kwanza Nsabimana alikuwa amekwisha kushika mulango ili aende zake. "Mama, ile nitasema, itatoka humu?" Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mutu ambaye hajalala mwezi muzima. Julie akaona akigeuza karatasi atampoteza. Akajibu, "Hata neno moja, Papa." Nsabimana akarudi, akakaa. Na Julie, mujinga, jioni ile alirudi nyumbani akiimba.

Sasa, pale barazani, alimupigia simu Mama Olive Buhendwa, mukubwa wao wa kazi. Akakosea jina mara mbili. Akaeleza yote, hata karatasi.

Mama Olive alishika kwanza ile ya karatasi. "Hukugeuza."

"Sikugeuza, mama. Unisamehe."

"Kusameheana ni ya kesho. Sikiliza. Ukitoa siri ya mutu bila sababu, sheria inakushika. Ukijua mutu atauawa na ukanyamaza, sheria inakushika vilevile, na roho yako itakushika kuliko sheria. Ule wa Kibati lazima aambiwe leo."

"Na kwa wenye kushika muji? Tuwaambie?"

"Julie. Hawa wenye bunduki, tukiwapa jina la Nsabimana, utamuona tena wapi? Tutakuwa tumekinga mumoja na kumuuzisha mwingine. Hapana. Mwenye hatari aonywe, na mutu wetu asibaki peke yake hata saa moja. Bibi yake aitwe. Uko na namba ya Kibati?"

"Sina. Nsabimana ndiye anayo."

"Basi tutatafuta kwa njia nyingine. Usirudi mule ndani peke yako, umesikia? Niko njiani."

Simu ikakatika. Julie akabaki ameishika sikioni.

Kisha mara ya tatu ya kuja, Nsabimana alikuwa amemukuta Julie kwenye soko la mutaa wake, mutoto wake Exaucée akiwa mugongoni. Exaucée ana miezi minane na meno mawili. Nsabimana alimutazama mutoto kwa muda mrefu, akasema, "Anacheka sawa Chance." Wakati ule Julie aliona ni neno zuri. Sasa lilimupanda mugongoni kama maji ya baridi. Huyu mutu anajua mutaa wao, labda anajua na mulango. Hategekimana akihama Kibati ghafla, Nsabimana atajua nani amesema, maana nani mwingine aliambiwa? Na ndani ya chumba kile aliahidiwa hata neno moja.

Angeweza kungoja. Mama Olive alimuagiza angoje. Lakini mule ndani kiti kilikwaruza sakafu. Mutu amesimama.

"Papa Jean-Bosco," akanong'ona, "simama hapa pa kuonekana. Mulango utabaki wazi. Nikisema mandazi, ingia."

"Nitaingia hata usiposema."

Alimimina maji kwenye kikombe, nusu ikamwagika. Akaingia. Nsabimana alikuwa wima, gunia kwapani.

"Umekawia, mama."

"Ndiyo. Nilikuwa napiga simu." Akaweka kikombe chini. "Papa Nsabimana, mimi nilikukosea. Siku ya kwanza nilikusomea karatasi nusu. Niliogopa utaenda. Naomba nikusomee ile nusu ingine."

Aliitoa karatasi kwenye faili, akaigeuza. Herufi zilikuwa zinaruka. Alisoma mustari wa kwanza, akasoma wa pili, na kwenye wa pili alisikia pumzi ya yule mwanaume ikibadilika. Akasoma mpaka mwisho.

"Ulisema hata neno moja."

"Nilisema."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Papa."

Gunia lilihama kutoka kwapa kwenda mukononi. Barazani kiti cha Papa Jean-Bosco kilianguka. Julie alimufikiria Exaucée na meno yake mawili, akakaza vidole kwenye karatasi ili asikimbie.

"Hategekimana ataambiwa leo," alisema. "Sitaambia wenye bunduki. Nitamuambia yeye peke yake, na bibi yako, mbele yako, ukisikia kila neno. Sitakuficha kitu tena. Hata kama unanichukia."

Nsabimana alimutazama sana. Inje chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, ilipita ikigongagonga mawe, mwenyewe akitukana mutu wa pikipiki.

"Hana simu," alisema mwishoni. "Ni bibi yake, Umutesi, iko nayo." Akafunga macho, akaanza kuitaja namba kwa Kifaransa, kila tarakimu peke yake, kama mutu anayetoa mawe mudomoni. Kabla ya mbili za mwisho akakatisha. Julie hakumusukuma. Zikatoka.

Umutesi aliitika upesi. Julie akafungua sauti ya simu wote wasikie, akajitambulisha, akamwambia wasikae kwao hiyo yenga, wala kesho, waondoke leo, na kwa nini. Kule upande mwingine kulikuja kilio cha mutoto muchanga mwenye njaa, na ndani ya chumba kidogo cha Mabanga kilisikika chote.

Nsabimana akakaa. Akaliacha gunia chini, akalisukuma kwa muguu, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili mpaka likagusa kiatu cha Julie. Papa Jean-Bosco akaingia bila kuitwa mandazi, akaliokota, akatoka nalo.

Mama Olive alifika jasho limemutoka, nyuma yake Mukamugema akiwa amefunga kitenge vibaya. Waliongea mpaka jua likageuka. Walipatana kwamba Nsabimana hatalala peke yake, hatatembea peke yake, na asubuhi ya siku ya kwanza, yenga ikiisha kupita, atarudi hapa. Mama Olive alimutazama Julie kwa jicho lililosema kesho kuna maneno.

Pale mulangoni Nsabimana aligeuka. "Na wewe, mama? Nikirudi, utakuwapo? Ao watanipa mwingine?"

Hofu ilikuwa haijamutoka Julie. Jioni hii angepita njia nyingine kwenda kumuchukua Exaucée. Julie aliitazama karatasi mukononi mwake, mbele, halafu nyuma, ndipo akajibu.

"Wakiniacha kazini, nitakuwapo. Wasiponiacha, mimi mwenyewe nitakuja kukuambia."