Kura ya Basi la Saa Kumi na Moja

Bun-nam alibonyeza "Piga kura" mara ya nne, na mara ya nne simu ikamjibu: wewe si mkazi wa mtaa huu.

"Si mkazi!" alifoka. "Miaka hamsini nakwea kilima hiki na gunia mgongoni, leo kisimu kinaniambia si mkazi!"

Ukumbi wa wazee ulikuwa na wanawake kumi na mmoja, naye akiwamo. Wote walikuwa wamekataliwa. Manispaa ilikuwa ikiwauliza wakazi, kwa mtandao tu, mpaka Ijumaa jioni: basi la saa kumi na moja alfajiri libaki, au liondolewe, watu wa maghorofa mapya waongezewe la usiku? Bila basi hilo, mboga za Bun-nam zingefika sokoni wenye mikahawa wameshanunua kwa wengine. Na kwa miaka yake sabini na moja, kushuka kwa miguu na mzigo hakuwezi tena.

"Mama Gi-tae," aliuliza jirani yake Mal-sun, "hiyo laini ni ya nani?"

"Yangu! Gi-tae alininunulia..."

Mwanawe Gi-tae alikuwa ameisajili kwa jina lake mwenyewe, apate punguzo la familia. Na Gi-tae anaishi mji mwingine, Ulsan. Wote walikuwa hivyo hivyo: laini za wana, za mabinti, moja ya mkwe aliyekwisha kuachwa.

"Basi tumeshindwa," Mal-sun alisema. "Wenzetu wa maghorofani wanapiga kura wamejilaza kitandani."

"Kashindwa nani? Leo Jumanne."

Wakaenda duka la simu, na mwenye duka akawaambia kila mmoja alete kitambulisho na idhini ya mwenye jina, ndipo laini ihamie kwake. Bun-nam akampigia mwanawe pale pale kaunta.

"Mama, niko kazini. Halafu punguzo litapotea. Yote hayo kwa basi moja?"

"Gi-tae, nisikilize. Wiki ijayo tunatia kabichi chumvi, tunatengeneza kimchi ya mwaka mzima. Unataka sanduku lako?"



"Nataka, Mama."

"Tuma karatasi. Usipotuma, mwambie mkeo akanunue ya dukani."

Wale kumi wakatoa simu zao na kuwatisha watoto wao vivyo hivyo. Kufikia Alhamisi idhini zote zilikuwa zimefika. Ya yule mkwe ndiyo iliyotangulia.

Ijumaa, laini zikiwa tayari kwa majina yao, wakapiga kura mmoja baada ya mwingine, Bun-nam kasimama nyuma yao.

"Toa kidole hapo! Hapo ndipo pa kuliondoa!"

"Acha kunisukuma, Mama Gi-tae, nina macho!"

Saa moja jioni matokeo yakatoka. Basi la alfajiri lilibaki, kwa kura saba. Wanawake walipiga makofi, wakaanza kutafuta viatu mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" Bun-nam alikuwa bado kainamia simu. "Hapa chini kuna swali jingine, la choo cha soko. Mal-sun, vua viatu, shoga. Keti."