Mlango wa Kijani

Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa amelala chali chini ya Landrova yake, anapaka grisi, akaona viatu vinavyong'aa vimesimama kando ya gurudumu. Akajua ni mwenyekiti wa chama cha wenye Landrova.

"Mtaka cha mvunguni huinama, mwenyekiti," akamwambia.

Mwenyekiti hakuinama. "Dada, kwenye msafara wa kesho gari lako ndilo kongwe kuliko yote, litangulie. Ila si na mlango huo. Gari jeupe, mlango wa kijani! Tutachekwa."

Shangazi akajivuta nje, grisi mpaka kwenye nyusi. "Mlango mweupe ulichukuliwa na mto, kaka, siku marehemu baba anamvusha mama mwenye uchungu wa kuzaa. Huu tuliutoa kwenye Landrova ya jirani iliyokufa injini. Ukaingia kama umezaliwa hapa."

"Basi upake rangi tu."

"Nikupake wewe kwanza, mvi zimekujaa."

"Usipopaka, utakaa nyuma ya wote," mwenyekiti akasema, akaondoka kanuna.

Shangazi akabaki anautazama ule mlango. Haya magari yamefika uzeeni kwa sababu likifa moja, jingine linavaa viungo vyake. Leo yajifanye hayajawahi kuumwa? Thubutu!

Akafuta vidole, akaandika kwenye kundi la chama: "Kesho natangulia, na mlango wangu wa kijani. Mwenye aibu afumbe macho."

Wote wakausoma ujumbe. Shangazi akarudi chini ya gari kumalizia grisi.