Kidole cha Mzee Sadala

Mwaka ule karani mkuu wa pensheni katika shamba letu la mkonge, Korogwe, alikuwa anarudi kwao. Kiti chake tulikitaka wawili: mimi, Simeo wa Vugiri, na Paulo, mwenye mwandiko mzuri kuliko sura yake. Mjerumani, meneja wetu, akasema tutapimwa kwa safari. Twende vijijini Handeni, kila mmoja na orodha yake, tuwaone kwa macho wazee waliostaafu. Aliye hai atie kidole gumba kwenye karatasi yake. Aliyekufa, malipo yanasimama. Atakayekosea atarudi kunakili barua.

Wazee kumi niliwamaliza bila shida. Wa mwisho, Mzee Sadala wa Kwaluguru, sikuwa namjua. Nikakuta watu mikekani, wanawake wanalia. Katikati kaketi mzee mwenye koti la buluu, anakohoa, goti kalinyoosha.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Sadala?"

"Marahaba. Ulitaka niwe nani, mke wangu?"

Wanawake wakacheka, kisha wakaendelea kulia. Nikadhani msiba ni wa jirani.

"Shambani ulifanya kazi gani?"

"Kukata mkonge, miaka kumi na miwili. Goti nililiacha huko, hili la kuazima."

Majibu yalilingana na daftari. Nikampaka wino, akapiga kidole. Ndipo Bi Hajira, mke wa Sadala, akanivuta pembeni, machozi mashavuni, kicheko mdomoni.

"Mwanangu, Sadala tumemzika jana. Huyo ni Kibwana, mtani wake."

Kwetu mtani huja msibani akatukana wafiwa, basi. Lakini kuvaa koti la marehemu na kuchukua hadi kikohozi chake? Nikamrudia.

"Mzee, wewe ni nani hasa?"

"Mpaka wanipe kuku wangu, mimi ni Sadala. Wakinipa, nitakufa."

Wakampa. Akavua koti, na kikohozi kikapona palepale.

Njia nzima nilibishana na ile karatasi. Kidole kipo, mtu hayupo. Kuichana siwezi, ina namba. Nikiandika "hai", nani atajua? Lakini Bi Hajira alikuwa ameniambia kwa mdomo wake. Nikaandika: "Amekufa. Kidole ni cha mtani wake."

Mjerumani aliisoma mara tatu.

"Mtani ni ndugu?"

"Hapana, Bwana."

"Mrithi?"

"Hapana."

"Basi ni tapeli."

"Siyo, Bwana. Ana haki."

"Haki ya nini?"

"Ya kuwa marehemu, mpaka apewe kuku."

Akashika kichwa. Kwa hasira akavuta karatasi za Paulo: wazee kumi na wawili, wote hai. Akazitazama, akazipanga mezani. Vidole kumi na viwili, vyote vina kovu moja, mahali pamoja.

"Paulo," akasema, "nionyeshe gumba lako."

Kumbe mwenzangu hakufika Handeni kabisa; vidole vyote ni vyake.

Kiti nikakipata mimi. Amri ya kwanza niliyopewa: nieleze utani kwa maandishi, ukurasa mmoja, uwekwe kwenye jalada. Nimeuanza mara nne, na kila nikifika kwenye kuku nakwama.